Ngojangoja na Tumbo

Kuna maradhi ambayo watu huyasimulia hadharani bila haya. Mtu aliyetoka kuugua malaria atakueleza jinsi homa ilivyompanda usiku na jinsi alivyotetemeka chini ya mablanketi mawili. Aliyepasuliwa atakuonyesha kovu. Mwenye shinikizo la damu atakutajia namba zake kama mfanyabiashara anayetaja bei ya mahindi. Lakini aliyeshikwa na tumbo la kuendesha hana hadithi. Ukimwuliza mbona hakuonekana kazini, atatazama pembeni na kujibu, "Aa, tumbo tu." Neno hilo "tu" ni dogo, lakini limebeba mengi: kwamba jambo lenyewe ni la aibu, kwamba si ugonjwa hasa, na kwamba litapita lenyewe bila kumsumbua mganga wala daktari. Katika kurasa hizi nataka tulitazame neno hilo kwa utulivu, maana nadhani ndani yake mna swali la maadili ambalo wengi wetu hulijibu kila mwaka bila kujua kwamba tumeulizwa.

Swali la kawaida, lile ambalo watu huulizana kwenye vijiwe na kwenye maduka ya dawa, ni hili: kuhara huchukua siku ngapi kuisha kama mtu hakutumia dawa yoyote? Ni swali la haki na lina jibu. Kwa mtu mzima mwenye afya, kuhara kwa maji kwa kawaida huisha baada ya siku mbili hadi nne, na mara chache hupita wiki moja. Kwa mtoto mdogo aliyeambukizwa virusi vya rota, siku huwa tatu hadi nane. Wataalamu wa afya wamekubaliana kuweka mpaka kwenye siku 14: kabla ya hapo ni kuhara kwa ghafla, na kuanzia hapo ni kuhara kunakoendelea, ambako huashiria tatizo jingine mwilini. Kwa hiyo yule anayesema "litaisha lenyewe" hasemi uongo. Mara nyingi mno tumbo huisha lenyewe. Na hapo ndipo taabu inapoanza, ndugu msomaji, kwa sababu ukweli wa mara nyingi ni kitu cha hatari kumpa mtu ambaye hajui kama zamu yake ni ile ya mara chache.

Naandika haya nikiwa mkazi wa mkoa wa Songwe, mkoa uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na mtu wa Songwe hawezi kuzungumzia kungoja bila kuitaja Tunduma. Ule ni mji uliojengwa juu ya kungoja. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufika pale ikakutana na mpaka wa Zambia, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, hupita papo hapo kuelekea Kapiri Mposhi. Malori yanayopeleka mafuta, mbolea na mizigo ya kila namna Zambia na Kongo, na yale yarudiyo na shaba, hupanga foleni ambayo zamani ilihesabiwa kwa siku. Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha forodha cha pamoja kati ya Tunduma na Nakonde, na mambo yakawa mepesi kuliko yalivyokuwa, ingawa dereva wa lori bado huijua Tunduma kama mahali pa kuegesha, kulala na kungoja karatasi. Pembeni mwa foleni hiyo wako kina mama wauzao wali na maharage, vijana wabebao madumu ya maji, wabadilisha fedha, na watoto wengi ambao uwanja wao wa michezo ni baina ya magurudumu. Na maji, kwa miaka mingi, yamekuwa kilio cha mji huo. Mahali ambapo watu ni wengi, wapitaji ni wengi, vyoo ni vichache na maji hununuliwa kwa dumu, tumbo la kuendesha si mgeni.

Sasa fikiria dereva mmoja, mtu mzima wa miaka arobaini, ambaye tumbo limemshika akiwa kwenye foleni. Anajua kwamba litapita. Hawezi kuliacha gari na mzigo wa watu. Anakunywa maji ya chupa, anakula ndizi moja, anavumilia siku mbili, na siku ya tatu anavuka mpaka akiwa mzima. Je, amekosea? Sioni kosa lake. Amepima hali yake, amejua nguvu za mwili wake, na amechagua. Wahenga wetu wangempongeza kwa kusema subira yavuta heri.

Lakini wahenga hao hao wametuachia methali nyingine, na ajabu ni kwamba hiyo inataja kiungo chenyewe tunachokizungumzia: ngojangoja huumiza matumbo. Nilipokuwa kijana methali hizi mbili zilinitatiza. Niliona kama wazee walisema jambo na kinyume chake ili wasishindwe kamwe. Nikiwa mtu mzima nimezielewa vingine. Methali ni kama dawa katika kabati la mganga. Kila moja ni ya mgonjwa wake. Kumpa mwenye pupa ile ya subira ni kumtibu, na kumpa mvivu methali hiyo hiyo ni kumwua. Kazi ya akili, basi, ni kujua lini uko mbele ya kungoja kwa namna ya kwanza na lini uko mbele ya kungoja kwa namna ya pili. Na ugonjwa wa kuhara, pamoja na udhalili wake, ni mwalimu mzuri wa jambo hilo.

Tuanze na kinachotokea mwilini. Mtu anayehara hafi kwa sababu ya vijidudu kumla tumbo, isipokuwa katika baadhi ya aina za kuhara damu. Aghalabu hufa kwa sababu maji na chumvi za mwili zimetoka kuliko zilivyoingia. Damu inakuwa nzito, moyo unakosa cha kusukuma, figo zinasimama. Mtu mzima ana akiba kubwa ya maji. Mtoto wa miezi minane ana akiba ndogo kama ya kikombe, na huanza kuonyesha upungufu mapema: macho yanazama, utosi unabonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, anakuwa mlegevu na hata kunyonya anashindwa. Kwa kipindupindu kikali hata mtu mzima mwenye misuli ya kubeba magunia anaweza kupoteza lita moja kwa saa, akafa kabla jua lililomchomozea halijatua.

Tiba kuu ya hali hii tunaijua wote. Ni ile pakiti ya chumvichumvi inayochanganywa na lita moja ya maji safi na salama. Akina mama waliohudhuria kliniki miaka ya themanini na tisini walifundishwa pia kutengeneza ya nyumbani pale pakiti ilipokosekana: lita moja ya maji, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Maarifa yaliyomo humo ni ya ajabu. Tumbo lililougua hushindwa kufyonza maji matupu vizuri, lakini sukari na chumvi zikifika pamoja, huingia zikiwa zimeshikana mikono, na maji huzifuata.

Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo. Chumvichumvi haikatishi kuhara. Mama anayempa mtoto wake maji hayo akitegemea kwamba choo kitakauka kesho atavunjika moyo, maana siku zitabaki zile zile. Vidonge vya zinki, ambavyo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza mwaka 2004 vitolewe pamoja na chumvichumvi kwa siku 10 hadi 14, hupunguza muda kidogo. Lakini dawa kuu yenyewe, iliyookoa mamilioni ya watoto, haipunguzi siku. Kazi yake ni kumweka mtu hai mpaka siku hizo zipite. Yaani hata aliyetibiwa, naye anangoja. Tofauti ya aliyetibiwa na asiyetibiwa haiko katika urefu wa kungoja, iko katika kile alichonacho mkononi wakati anapongoja.

Ukilielewa hili, lile swali la siku ngapi linaanza kuonekana kwamba limeulizwa vibaya. Tumelipima tumbo kwa kalenda, nalo linataka kupimwa kwa kikombe. Chukua watoto wawili wa nyumba mbili jirani, wote wameambukizwa siku moja. Kwa wote wawili ugonjwa ungeisha siku ya tano. Mmoja ananyweshwa kila aendapo haja, mwingine ananyimwa maji kwa sababu bibi anaamini kwamba tumbo linalovuja lisijazwe. Siku ya tano wa kwanza anacheza. Wa pili hakuifikia siku ya tano. Na baadaye watu watakapohesabu kuhara huchukua siku ngapi kuisha, watauliza nyumba yenye mtoto anayecheza, wataambiwa tano, na watasema: unaona, huisha kwenyewe. Hesabu ya siku daima husimuliwa na waliobaki. Walioondoka hawakai kijiweni kutoa ushuhuda.

Historia nayo inatufundisha jinsi wanadamu walivyongoja kulijua jambo hili rahisi. Mwaka 1832, kipindupindu kilipokuwa kikienea Uingereza, daktari kijana aitwaye William O'Shaughnessy alikwisha pima damu ya wagonjwa akaona kwamba imepungukiwa maji na chumvi. Mwaka huo huo daktari mwingine, Thomas Latta wa Leith huko Scotland, aliingiza maji ya chumvi katika mishipa ya wagonjwa waliokuwa wamekwisha kukatiwa tamaa, na baadhi yao wakainuka. Wenzake hawakuifuata njia hiyo, ikasahauliwa kwa miongo mingi, na waganga wakaendelea kuwatoa damu na kuwaharisha watu waliokuwa wanakufa kwa kukauka. Kwa kuinywa dawa kwa kikombe ilibidi tungoje zaidi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, wakimbizi kwa mamilioni walivuka mpaka kuingia India. Katika kambi ya Bongaon kipindupindu kilizuka, na maji ya kuingiza mishipani yakawa hayatoshi. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari ya glukosi kwenye mapipa, na akawaachia ndugu wa wagonjwa kazi ya kunywesha kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka hadi chini ya 4. Mwaka 1978 jarida la madaktari la The Lancet lilisema kwamba huenda huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko yote ya tiba katika karne hiyo.

Mimi hupenda kufikiri juu ya hao ndugu wenye vikombe. Hawakuwa wauguzi. Wengine walikuwa wamepoteza nyumba na watoto wiki ile ile. Walichokifanya ni kungoja kando ya mgonjwa, kama ambavyo ndugu wamengoja tangu dunia iumbwe, ila safari hii mikono yao haikuwa mitupu. Hiyo kwangu ndiyo maana kamili ya subira. Subira si kukaa kimya mpaka jambo lijiamue. Ni kuendelea kufanya kazi ndogo isiyochosha macho ya watu, kikombe baada ya kikombe, wakati ambapo matokeo bado hayaonekani.

Sasa nirudi kwenye dereva wetu ili niweke neno la pili. Nilisema hakukosea, na sababu mojawapo ni kwamba alingoja kwa mwili wake mwenyewe. Hatari aliyoichagua ilikuwa yake. Lakini mzazi anapongoja, anangoja kwa mwili wa mwingine. Mtoto wa miezi minane hakuulizwa kama yuko tayari kujaribu bahati yake. Mtu mzima ana haki ya kuwa jasiri kwa tumbo lake. Hana haki ya kuwa jasiri kwa tumbo la mwanawe. Ndiyo maana maneno "hata mimi nilihara utotoni na nikapona" hayana uzito wowote wa hoja. Anayeyasema amepona tayari, kwa hiyo hahatarishi kitu.

Na hata mwili wa dereva si wake peke yake kama anavyodhani. Ikiwa tumbo lile ni la kipindupindu, kila aendapo kujisaidia kando ya reli au nyuma ya ukuta wa mtu, anakuwa amemwingiza katika kungoja kwake mama anayeuza chai na mteja atakayekunywa chai hiyo. Sisi wa mpakani tunalijua hili kwa uchungu. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 uliendelea nchini hadi 2018. Zaidi ya watu 33,000 waliugua na zaidi ya 500 wakafariki, na mkoa wetu haukusalimika. Upande wa pili, Zambia, mlipuko ulioanza Oktoba 2023 uliwaugua zaidi ya watu 20,000 na kuua zaidi ya 700, hata Uwanja wa Heroes wa Lusaka ukageuzwa kuwa hospitali. Sehemu kubwa ya vifo hivyo vya Zambia ilitokea nje ya vituo vya matibabu: watu walifia nyumbani au njiani. Hao wote, naamini, wapo waliosema "tumbo tu". Na jambo linalouma ni kwamba kipindupindu kisipotibiwa kinaweza kuua nusu ya walioshikwa vikali, na kikitibiwa mapema hakiui hata mmoja katika mia. Sijui ugonjwa mwingine ambao saa chache za kungoja zina bei kubwa namna hiyo.

Baada ya kusema hayo, ni rahisi sana kumgeukia mama aliyechelewa na kumlaumu. Nimesikia lawama hizo zikitolewa hata na watu waliosoma, na sizikubali. Mama mmoja wa kijiji kimoja cha bondeni, upande wa Momba, aliwahi kunieleza kwa nini alikaa na mtoto siku nne. Nilimwuliza kwa upole, kama ilivyo desturi kwa mtu aliye rika la dada yangu, "Dada, ulikuwa unangoja nini?" Akanijibu, "Kaka, sikuwa nangoja. Nilikuwa natafuta." Alikuwa anatafuta nauli ya pikipiki. Mume alikuwa amekwenda kwenye vibarua, simu yake haipatikani. Mama mkwe alisema ni meno ya plastiki na yang'olewe kwa mtaalamu wa kienyeji. Jirani mmoja alinong'ona kwamba mtoto amebemendwa, maana yake wazazi hawakujizuia wakati wa kunyonyesha. Na mama yule alikumbuka kwamba mara ya mwisho alipompeleka mtoto kwenye zahanati alifokewa mbele ya watu kwa ajili ya nguo chafu za mtoto, nguo ambazo zilichafuka njiani kwa ugonjwa ule ule aliokuwa amempeleka atibiwe.

Nilifikiri sana juu ya jibu lake. Sisi tulioko mbali tunaona siku nne za kungoja. Yeye aliziishi kama siku nne za kukimbia bila kufika. Kumwita mtu huyo mzembe ni kumwongezea mzigo aliyeelemewa. Na tazama jinsi aibu inavyofanya kazi: imani ya kubemenda humfanya mama afiche ugonjwa wa mwanawe kwa sababu kuutangaza ni kutangaza siri ya chumbani, imani ya meno ya plastiki humpeleka mtoto kwenye kisu kichafu badala ya kikombe cha maji, na kufokewa humfunza kwamba msaada una gharama isiyoandikwa ukutani. Mficha maradhi kifo humwumbua, ni kweli. Lakini na sisi tunaowafanya watu wafiche maradhi tuna sehemu yetu katika kuumbuka huko. Kama tunataka watu wasingoje, hatuna budi kwanza kuacha kuwaadhibu wanapokuja.

Kuna wa upande wa pili ambao hawangoji kabisa, nao si wachache. Tumbo likinguruma mara moja tu, mtu huyo ameshafika duka la dawa kuomba Flagyl, au kapsuli alizobakiza jirani, au kidonge cha kufungasha. Anaona kwamba hiyo ndiyo akili. Lakini kuhara kwingi kwa maji husababishwa na virusi, ambavyo kapsuli hizo haziviwezi, na kila kidonge kilichomezwa bure huwafundisha vijidudu vingine kuistahimili dawa, ili siku ambapo mtoto wa mtu atakuja na kuhara damu kweli, dawa ikute adui aliyekwisha kuizoea. Kidonge cha kufungasha nacho hakifai kupewa mtoto mdogo, kinaweza kumdhuru. Huyu mwenye haraka na yule mwenye kungoja mikono mitupu wanafanana kuliko wanavyodhani. Wote wawili hawataki kukaa kando ya ugonjwa na kuutazama. Mmoja anaufukuza kwa kidonge ili asiufikirie, na mwingine anaupuuza kwa sababu hiyo hiyo. Katikati yao yuko yule mwenye kikombe.

Imebaki aina moja ya kungoja ambayo naiona mbaya kuliko zote, nayo si ya mama wala ya dereva. Ni ya mji na ya nchi. Maradhi yanayoisha yenyewe yana bahati mbaya moja: hayana mshitaki. Mtu aliyevunjwa mguu na shimo la barabarani atalitaja shimo hilo maisha yake yote. Mtu aliyehara siku tatu kwa sababu ya maji machafu, siku ya nne amerudi kazini na amesahau. Hakuna mkutano wa kijiji utakaoitishwa kwa ajili ya tumbo lililokwisha pona. Hivyo bomba lililoahidiwa linaweza kungojewa miaka, choo cha stendi kinaweza kufurika msimu baada ya msimu, na kila mmoja wetu mmoja mmoja anapona na kunyamaza. Kupona kwetu kunakuwa ndiyo kinga ya wenye dhamana.

Na je, kweli tunapona? Mtoto anayehara mara tano au sita kwa mwaka, hata kama kila mara anapona, kila mara hupoteza chakula ambacho mwili ungekijengea mifupa na ubongo. Mkoa wetu unalima. Mbozi kuna kahawa na mahindi, Ileje kuna ndizi na maharage, na magunia hutoka hapa kwenda kulisha miji. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watatu wa chini ya miaka mitano katika Songwe amedumaa. Njaa peke yake haielezi jambo hilo katika mkoa wenye maghala. Sehemu ya jibu imo katika yale matumbo madogo yaliyosemwa kwamba yameisha yenyewe. Yaliisha, naam, lakini yaliondoka na kitu. Kuna mengine duniani ya namna hiyo: deni dogo lisilolipwa, neno kali kwa mwenzi, uonevu mdogo wa ofisini. Kila moja hupita lenyewe baada ya siku chache, na baada ya miaka kumi unashangaa kwamba kimo cha maisha yako ni kifupi kuliko kilivyopasa kuwa.

Basi, tuseme nini kwa mtu anayeuliza kwa dhati, maana anaumwa au ana mgonjwa, na hakuja kutafuta falsafa? Mimi ningemjibu hivi. Kwanza, ungoje ukiwa na maji mkononi, chumvichumvi kama ipo, na uendelee kumlisha mgonjwa na kumnyonyesha mtoto, kwa kuwa tumbo halipumzishwi kwa njaa. Pili, uweke mpaka wa kungoja kwako kabla hujachoka, kwa sababu mtu aliyechoka hana kipimo. Kwa mtoto mpaka huo ni siku tatu bila nafuu, na hauna hata saa moja kama kuna damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikokoma, macho yaliyozama, au kushindwa kunywa. Kwa yeyote yule, mkubwa au mdogo, choo kinachotoka kama maji ya mchele bila kukoma hakingojewi. Kinakimbizwa hospitali huku mgonjwa akinyweshwa njiani. Tatu, usingoje peke yako. Mwambie jirani, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji, hata kama jambo lenyewe ni la chooni. Na nne, ukipona usisahau haraka. Uliza maji yale yalitoka wapi.

Najua kwamba ushauri wa nne ndio mgumu, kwa sababu mwanadamu akipata nafuu hutaka kuishi na wala hataki kukumbuka. Hata hivyo naona ndiyo haki tunayodaiwa na wale ambao siku zao hazikutosha. Wao walikuwa na ugonjwa ule ule tuliokuwa nao sisi, ule unaoisha baada ya siku nne au tano kwa watu wengi. Hawakukosa subira. Walikosa lita chache za maji yenye chumvi na sukari, nauli ya pikipiki, na mtu wa kuwaambia kwamba si aibu.